Fisi Aomba Ulinzi wa Kisima

Mvua ilikosekana miaka miwili, mto ukageuka njia ya vumbi, na nyika nzima ikabaki na kisima kimoja chenye mdomo mwembamba. Maji yalikuwa machache. Ilibidi apatikane mlinzi wa kuyagawa, la sivyo watoto wangekufa kwa kiu. Simba aliikataa kazi hiyo, akasema mfalme hainami.

Fisi akajitokeza, tumbo mbele. Alipanda juu ya kichuguu akaahidi kwamba akipewa kisima, kila mnyama atakunywa wa kwanza. Wakamshangilia mpaka vumbi likatimka. Kiu ina mambo yake. Ni Sungura peke yake aliyeuliza wa pili atakuwa nani.

Fisi alijibu kwamba swali hilo ni la upendeleo. Swala, aliyekuwa na mtoto wa siku tatu, alikumbusha kuwa Fisi aliwahi kulinda akiba ya nyama, na haukubaki hata mfupa. Hilo nalo likawa upendeleo. Twiga alikohoa tu, akaambiwa anakohoa kwa upendeleo.

"Mnanionea kwa sababu mimi ni mnyonge," Fisi alisema huku akijifuta machozi, na wanyonge wengi wakalia naye.

"Mimi upendeleo ninao, Bwana Fisi," alisema Sungura. "Ulimla shangazi yangu, siwezi kukupenda. Basi nisisikilizwe. Tufuate mila yetu: anayeomba ulinzi hushuka kisimani, huwachotea wote kwa kata, naye hunywa wa mwisho. Kata haina shangazi."

Fisi akachukua kata, akashuka. Kata ya kwanza, ya Simba, ilipanda imejaa. Ya pili ilikuwa nusu. Ya tatu ilikuwa matope matupu, na huko chini ikasikika sauti ya kugugumia maji.

"Naonja," Fisi alieleza. "Maji ya umma hayanywewi bila kuonjwa."

Zamu ya Swala ilikuwa haijafika. Alimtazama mtoto wake aliyelala ulimi nje, akaingiwa na hofu, akapiga kelele kwamba Fisi atolewe. Kichwa kikatoka, mabega yakatoka, tumbo likagoma. Wale wale waliolia naye walimvuta masikio wasimsogeze hata kidogo. Mwishowe Simba, yule asiyeinama, aliinama mbele ya raia zake wote, akamng'ata Fisi ukosi na kumng'oa.

Swala akashuka mbio. Kwenye mwamba wa chini yalikuwa yamebaki maji ya kujaza kata moja. Alimnywesha mtoto wake, kisha akawagawia watoto wengine matone yaliyosalia, na yeye mwenyewe hakubakiwa na kitu. Hakuna aliyehitaji kuuliza tena nani awe mlinzi. Kesho yake, maji yalipochuruzika upya, aliyeshika kata alikuwa Swala.

Fisi alikwenda zake akichechemea, na kila aliyekutana naye alimweleza kwamba shimo lile linawapendelea wembamba.

Mbaazi ukikosa maua husingizia jua.