Kwa Nini Kifuniko cha Rejeta Hufunguliwa kwa Hatua Mbili

Zamani, magari yalipokuwa bado machanga duniani, rejeta haikuwa na kifuniko. Ilikuwa wazi juu kama ndoo. Nyinyi mnaojifunza udereva hapa kwangu mnacheka, lakini ndivyo nilivyosimuliwa na fundi aliyenilea, naye hakuwa mtu wa mchezo.

Ndani ya injini waliishi Mzee Chuma, mkewe Bibi Kifuniko, na mjukuu wao Maji. Jirani yao wa ukuta mmoja alikuwa Moto, mchapakazi asiyejua kiasi. Kazi ya Maji ilikuwa kuzunguka mwilini mwa babu yake, kumpokea joto, kulipeleka kwenye rejeta likapulizwe na upepo, kisha kurudi. Kwenye tambarare aliifanya vizuri huku akiimba. Mlimani, Moto akichachamaa, Maji hakukawia kugeuka mvuke na kupaa zake kwa mjomba wake Wingu. Mzee Chuma akabaki mkavu, kichwa kikimwaka. Na kichwa cha injini kikipasuka, jamani, mzee ndiyo amekwisha.

"Mjukuu wangu, siku moja utarudi unikute nimekufa," alimwambia.

"Babu nawe! Wewe wa kufa?" Maji alimtania kama kawaida yao. Siku hiyo mzee hakucheka, na Bibi Kifuniko aliona.

Bibi alikuwa mfupi, mnene, hapendi maneno mengi. Alikwenda akaketi juu ya mlango wa rejeta. Maji alipopata moto akataka kupaa, akagonga mgongo wa bibi yake. Akasukuma, bibi hakuondoka. Ndipo likatokea jambo ambalo Maji mwenyewe hakulitegemea. Kwa kuwa alibanwa, hakugeuka mvuke. Joto lililomfukuza jana, leo alilistahimili hata lilipozidi lile la jana, bado yu maji, bado anazunguka. Wakaumaliza mlima.

"Bibi, kumbe naweza!" alisema, na furaha yake ilikuwa ya kweli.

Lakini kubanwa nako kuna mpaka. Kwenye mlima uliofuata mipira ya rejeta, ile mirija anamopita Maji, ilivimba, viungo vikaanza kulia. Bibi akaona ataibomoa nyumba yake kwa ukaidi. Akajiwekea springi, akasema, "Ukisukuma chini ya nguvu ya springi hii, nakaa. Ukiizidi, nitainuka kidogo upite." Hakumwacha apae. Alimwelekeza kwenye chupa ya pembeni, akae humo kama mtu aliyetoka barazani kupunga upepo. Injini ikipoa, nyumba ilimvuta arudi ndani. Mzee Chuma akanenepa siku hizo, nadhani, maana alilala vizuri.

Ndipo akaja Tweve, dereva wa lori la viazi, mwenye haraka tangu kuzaliwa. Gari lilichemsha mlimani. Alishuka, akashika kifuniko kwa tambara, akakizungusha mara moja mpaka mwisho. Maji, aliyekuwa akistahimili kwa sababu amebanwa, alijikuta hana wa kumbana. Karibu mwili wake wote uliruka nje kwa mkupuo, mvuke na maji ya moto, bila kutaka. Mkono wa Tweve uliungua mpaka kwenye kiwiko. Bibi akatupwa vichakani. Mzee Chuma akabaki mkavu, anawaka.

Tweve, kwa uchungu na hasira, alinyakua dumu la maji ya kisima ayamwage kwenye injini. Mkewe Atupele, aliyekuwa naye garini, akalidaka.

"Baba Lusajo, acha! Chuma kinawaka hivyo unakimwagia maji ya baridi? Kitapasuka!"

"Viazi vitaoza, mama."

"Na vioze. Lete mkono huo."

Akamwagia mkono wake taratibu, nusu dumu nzima, mpaka mume akaacha kuuma meno. Kisha wakakaa. Walikaa hadi Atupele alipoweza kulaza kiganja juu ya chuma bila kukiondoa. Akamtafuta Bibi vichakani, akamfuta vumbi, akamimina nusu ya dumu iliyobaki kwenye rejeta kidogo kidogo, akamrudisha Bibi mahali pake.

Maji, kile kidogo kilichobaki kikiungana na ndugu zake wa kisimani, aliingia kwa woga. "Babu?" aliita. Akazunguka mara moja, mara mbili. Tweve akawasha. Mara ya tatu mzee akakohoa, akanguruma.

"Sikutaka kuondoka, babu," Maji alisema akilia.

"Najua. Ulifunguliwa."

Bibi Kifuniko hakutaka yatokee tena. Alikwenda kwenye shingo ya rejeta akachonga vituo viwili. Cha kwanza humwinua kidogo tu, pumzi itoke, na mwenye mkono asikie "fsss" auondoe. Cha pili ndicho hufungua mlango, nyumba ikiwa imetulia. Tweve naye alijifunza kubonyeza mpira wa rejeta, aone kama Maji bado amebanwa, kabla ya kugusa chochote, na akawafundisha wenzake, ingawa haraka yake haikupona kabisa.

Na tangu siku hiyo kifuniko hufunguliwa kwa hatua mbili, tena injini ikiwa imepoa, na dereva mwenye akili hubonyeza mpira kwanza. Ukiwa mgumu, huenda kando, akanywa chai yake, akamwacha Maji akae na babu yake.