Chura Aliyefungwa Jiwe

"Maji yasiyo na chura, usitie kata." Ndivyo alivyojibu shangazi yenu jana alipoulizwa kwa nini amemkataa yule mchumba aliyekuja na sifa kedekede, lakini hana rafiki, hana jirani, hana hata ndugu wa kumsemea neno. Nyinyi mkaangua kicheko, mkaulizana chura ameingiaje kwenye posa. Haya, vuteni hizo sinia za mbaazi karibu, mikono ibangue na masikio yasikie. Methali hii ilizaliwa kwenye kisima ambacho leo hakipo tena, na ilianza hivi.

Hapo kale, huko Kwamlanga, mvua za vuli hazikunyesha, na za masika zikapita juu kwa juu kama mgeni asiyetaka kuketi. Kisima cha kijiji kilipungua mpaka kikabaki dimbwi la kijani lenye harufu ya majani yaliyolowekwa. Vyura walijaa humo, wakikoroma mchana kutwa bila haya. Ukitaka kuchota ilikubidi umsukume chura kwa kata, uchuje kwa kitambaa, uchemshe, kisha unywe huku umefumba macho. Watu walinung'unika sana, lakini walikunywa na walikuwa hai.

Mwajabu alikuwa mke wa Sengasu, mchimba visima. Walikuwa na mtoto mmoja, Kidawa, aliyekuwa ametoka tu kuachishwa ziwa. Kabla yake walikuwa wamezika wengine, kwa hiyo Mwajabu alimlinda mtoto huyo kama mtu anavyolinda kaa la moto aliloazima kwa jirani siku ya upepo. Alichukia kumwona akinywa maji ya kijani. Kila akimpa kikombe alijiuliza kama si hicho kitakachompeleka kaburini.

Sengasu naye alikuwa na kiburi cha kazi yake. Alikwenda kuchimba kwenye bonde la mawe meupe, mahali ambapo hata mbuzi hawakupenda kulisha. Alipoambiwa kwamba pale hapaoti kitu, alisema majani hayachimbi kisima. Alichimba mpaka viganja vikachubuka, na maji yakatoka. Lo, maji gani hayo. Yalikuwa meupe, yametulia, ukiinama unahesabu punje za mchanga chini. Mzee Mhando, baba yake Sengasu, alilia kwa furaha mbele za watu, akasema sasa anaweza kufa na hana deni na mtu.

Ila watu wa Kwamlanga walikuwa na desturi yao. Kisima kipya hakinywewi mpaka kilazwe chura. Mke wa mchimbaji ndiye humchukua chura kutoka kisima cha zamani, akamtia kwenye kibuyu, akamwachia katika maji mapya jua likikaribia kuzama. Asubuhi yake akikutwa amebaki humo, macho juu ya maji, vigelegele vinapigwa na watu wanachota. Asipokutwa, kisima kinafukiwa na hakuna anayeuliza. Sababu ya desturi hiyo hakuna aliyeijua. Waliikuta kwa wazee wao, wakaifuata.

Mwajabu alimlaza chura wake. Kulipopambazuka alitangulia peke yake kwenda kumtazama, na kabla hajafika alihisi jambo ambalo hakuweza kulitaja. Alisimama akasikiliza. Hakukuwa na mbu. Hakukuwa na nzi, wala nyenje, wala ndege hata mmoja katika bonde lote, ingawa maji yalikuwa wazi na nchi nzima ilikuwa na kiu. Alisikia pumzi zake mwenyewe, na zilimtisha.

Chura hakuwamo kisimani. Alimkuta juu, kwenye udongo uliochimbuliwa, amekufa. Miguu yake ilikuwa imenyooka na mikono imejikunja chini ya kifua, na kichwa kilielekea upande wa kisima cha zamani. Alikuwa amekwea mpaka alipoishiwa nguvu.

Hapo Mwajabu angerudi akasema. Lakini alimfikiria mumewe, na viganja vyake, na mkwewe aliyelia mbele za watu. Zaidi ya yote alimfikiria Kidawa akinywa maji meupe badala ya yale ya kijani. Akajiambia, chura ni chura tu, pengine alikuwa mgonjwa. Mja hujidanganya kwa ulimi laini, jamani. Akamfukia yule mfu kwa kisigino, akaenda mbio kisima cha zamani, akakamata mwingine, dume kubwa. Akachomoa uzi kwenye pindo la nguo yake, akamfunga mguu wa nyuma, na ncha ya pili ya uzi akaifunga jiwe. Akamshusha polepole karibu na ukingo, mahali pa kina kifupi, ili macho yabaki juu.

Watu walipokuja walimwona chura amekaa. Vigelegele vikapigwa, Mzee Mhando akawa wa kwanza kutia kata.

Siku za mwanzo ilikuwa sherehe. Kisha mambo madogo madogo yakaanza, na kila mmoja alidhani ni kwake tu. Maharage yalichemka tangu asubuhi hadi jioni yasilainike. Ndani ya vyungu kuliganda ukoko mweupe usiotoka kwa mchanga wala kwa jivu. Miche ya maboga iliyomwagiliwa ilinyauka upesi kuliko ile iliyosahauliwa. Ukimwaga maji hayo chini, siafu waliokuwa kwenye safari yao walikatisha msafara, wakazunguka mbali. Kuku walikuja kwenye kigae, wakainamisha shingo, wakasita, wakaondoka. Na watu walikunywa, wakanywa tena, midomo ikazidi kukauka, kwani maji yale yalikata kiu kwa muda wa kumeza tu.

Chura naye alikuwa pale pale. Kila mchotaji alimkuta mahali alipomwacha jana, macho wazi, hatikisiki. "Chura mtulivu huyu," walisema, "si kama wale wa kule wenye kelele." Mwajabu akisikia hivyo aliharakisha kuondoka. Hakuweza tena kumtazama. Alichota upande wa pili na kugeuza uso.

Kisha Kidawa akaanza kubadilika. Aliacha kucheza, akalala kwenye mkeka na macho yaliyozama. Ngozi ya tumbo lake, ukiifinya, ilibaki imesimama kama kitambaa kilichokunjwa. Mwajabu alimzidishia maji, mtoto akayatapika, akamzidishia tena. Mchana mmoja Kidawa alilia, na mamaye akaona kwamba uso ulikuwa mkavu. Mdomo ulikuwa wazi, sauti inatoka, na chozi halikuwapo hata moja. Mwajabu alipata hofu ambayo hajawahi kuipata hata makaburini.

Alimbeba, akakimbilia kwa Bibi Mandia, mtunza kisima cha zamani, mwanamke mzee ambaye hakuwahi kuhamia maji mapya. Watu walisema ni ukaidi wa uzee. Bibi Mandia alimfinya mtoto ngozi, akamtazama ulimi.

"Umemnywesha nini?"

"Maji, Bibi. Maji meupe."

"Chura wako nimesikia anasifiwa. Amewahi kulia?"

Mwajabu alimpangusa mtoto midomo.

"Nakuuliza, mwanangu. Mimi hupita njia ile nikienda kuni. Sijamsikia hata siku moja. Wa kwangu hapa wananikosesha usingizi."

"Bibi, kwani chura anajua nini?"

"Hajui kitu. Lakini mimi na wewe tunakunywa kwa mdomo, tunaonja, tunatema. Chura hanywi kwa mdomo. Anakunywa kwa ngozi, mwili mzima. Yaliyomo majini yanamwingia yote, hana mlango wa kufunga. Maji huchukua kitu kila yanapopita, yakipita kwenye chumvi yanabeba chumvi, yakipita kwenye sumu yanabeba sumu, na hayabadiliki rangi. Wewe unaona weupe. Yeye anaona kilichobebwa."

Mwajabu akapiga magoti. "Nilimfunga, Bibi," akasema. "Nilimfunga jiwe."

Bibi Mandia hakumpiga wala hakumtukana. Alimtwaa Kidawa, akamlaza kwenye mkeka wake, akaanza kumtia maji ya kijani yaliyochemshwa, tone baada ya tone kwa ncha ya kidole. "Nenda ukamtoe," alisema, "na usimtoe ukiwa peke yako."

Jua lilikuwa utosini Mwajabu alipofika bondeni. Watu walikuwapo na vibuyu vyao, na Sengasu alikuwa akipanga mawe ya ukingo, na Mzee Mhando amekaa kando ya lundo la udongo na kata mkononi, amekonda, midomo imepasuka, anakunywa. Mwajabu aliwapita wote. Aliingiza mkono majini, akashika uzi, akavuta.

Jiwe lilitoka na chura akatoka nalo. Alikuwa amekufa, lakini mwili wake ulikuwa kamili. Hakuvimba, hakunuka, hakuna funza aliyemgusa wala unyoya wa ukungu. Alikuwa amefunikwa ukoko mweupe kama ule wa vyungu, mgumu, na macho yake yaliyokuwa yakisifiwa yalikuwa ndani ya ukoko huo. Mwajabu alimweka juu ya jiwe, na mwili wa chura ukagonga kama kokoto kwa kokoto.

Kila mmoja alielewa kwa wakati wake. Mzoga hukaa siku chache tu katika nchi ya joto, kwa sababu kuoza nako ni kazi ya vilivyo hai. Ndani ya kisima kile hakukuwa hata na cha kuozesha.

"Nani amefanya hivi?" Sengasu aliuliza.

"Mimi, Baba Kidawa. Wa kwanza alitoka akafia hapa juu. Huyu nilimfunga mimi. Niliona aibu kwa ajili yako."

Sengasu alitupa chini jiwe alilokuwa ameshika. Alisema mke wake amerogwa, alisema chura alikufa kwa kufungwa, si kwa maji. Alisema maji ni maji, na yeye mwenyewe anayanywa na yuko hai. Akampokonya baba yake kata, akaijaza, akainywa yote mbele ya watu.

Mwajabu alimsikiliza mpaka akamaliza. "Vizuri," akasema. "Ijaze tena. Twende kwa Bibi Mandia ukamnyweshe mwanao kwa mkono wako."

Wakaenda, na watu nyuma yao. Sengasu alipiga magoti kwenye mkeka na kata yake mkononi. Alimwona Kidawa, macho yalivyozama, na tone la maji ya kijani kwenye mdomo wake. Alisogeza kata. Akaishikilia hapo karibu na mdomo wa mtoto, maji meupe hayana wingu, na mkono wake ukakataa. Alijaribu tena. Mwisho aliinuka, akatoka nje, akayamwaga mavumbini, na siafu waliokuwa wakipita wakayakwepa.

Kijiji kilirudi kisima cha zamani bila kuambizana. Mwajabu hakutoka kwenye mkeka wa Bibi Mandia. Alitia tone, akasubiri, akatia jingine, na aliomba kwa kila jina la Mungu alilolijua. Ilikuwa asubuhi Kidawa alipoamka, akamwona chura amejiingiza ndani, akashtuka, akalia. Mashavu yake yalilowa. Mwajabu aligusa yale machozi kwa ulimi, yakawa na chumvi yake ya kawaida, naye akaanza kulia pia, kwa nguvu, kama mtu aliyeruhusiwa.

Lakini Mzee Mhando hakuamka. Alikuwa amekunywa kuliko wote, na tangu siku ya vigelegele hakuwa amegusa maji mengine, kwa kuwa yale yalikuwa ya mwanawe. Walipomlaza kaburini, Mwajabu alisimama nyuma ya wanawake wote na hakuna aliyemsogelea. Alijua kwamba kile alichokificha kwa heshima ya mkwewe ndicho kilichomuua, na alilijua hilo kila siku mpaka uzeeni.

Siku ya pili Sengasu alichukua jembe lake, akarudi bondeni. Hakumwita mtu amsaidie. Alianza kusukumia udongo kisimani, ule ule aliokuwa ameutoa. Mwajabu alimfuata na karai, akaanza upande wa pili.

Rafiki wa Sengasu alipita pale, mgeni wa safari, hakuwa na habari. Alichungulia ndani ya shimo akaona maji yakimeremeta chini ya udongo unaoanguka. Kibuyu chake kilikuwa kitupu. Akaguna, akasema katika mwaka wa kiu namna hii mtu mwenye akili hafukii maji meupe kiasi kile. Akafungua kibuyu, akainama, akanyoosha kata.

Sengasu alimshika mkono. Alimshika kwa nguvu hivi kwamba yule rafiki alimtazama usoni, akaona mwanamume aliyezika baba yake.

"Maji yasiyo na chura," Sengasu alimwambia, "usitie kata."