Fisi na Lenzi ya Kukuza Nyama

Paukwa!

(Pakawa.)

Hiyo pakawa ya watu wenye njaa. Paukwa tena!

(Pakawa!)

Pakawa nini?

(Pakawa sanduku.)

Sanduku la nani?

(La watoto.)

Na ufunguo?

(Ufunguo anao Fisi!)

Basi kaeni vizuri, maana haya mambo hata mimi niliposimuliwa nilishika kichwa.

Hapo kale wanyama walikuwa na shule yao ya umma, na mwalimu mkuu alikuwa Fisi. Siku moja shule ikaletewa sanduku kubwa la vifaa vya sayansi. Ndani mlikuwa na lenzi, sumaku, betri, nyaya na balbu, vya kumtosha kila mtoto. Watoto wakashangilia. Fisi akalisukuma sanduku hadi ofisini, akatia kufuli, kacha, akavaa ufunguo shingoni. Akasema vifaa ni vya kuonyesha wageni, watoto watavivunja.

Tangu siku hiyo sayansi ikafundishwa hivi. Fisi anachora duara ubaoni, anasema, "Hii ni lenzi. Choreni." Watoto wanachora. Anasema, "Semeni." Watoto wanasema, "Lenzi mbinuko hukusanya miale ya mwanga." Anasema, "Futeni." Watoto wanafuta. Kesho yake anachora duara lile lile, anasema hii ni balbu.

Mtasema ni uvivu tu. Laiti ungekuwa uvivu. Mwenye moyo mwepesi amshike jirani yake. Kila mwisho wa mwaka alikuja mkaguzi, Korongo, kuwapima watoto kwa mikono: washa balbu hii, soma maandishi haya kwa lenzi. Na sheria ya shule ilisema mtoto akifeli mtihani wa mikono, ataokota mifupa nyumbani kwa Fisi mpaka siku atakayofaulu. Atafaulu vipi, na vifaa viko ndani ya kufuli? Kila mwaka darasa zima lilifeli. Kila mwaka darasa zima lilihamia kwa Fisi. Na sheria hiyo waliipitisha wazazi wenyewe mkutanoni, wakaweka dole gumba bila kusomewa, kwa sababu chai ilikuwa na maandazi. Mpaka leo sijapona mshtuko wa hayo maandazi.

Sasa, darasani alikuwamo Nguchiro, mdogo kuliko wote. Kaka yake alikuwa amechukuliwa mwaka uliopita. Siku moja akapita kumsalimia, akakuta kucha za kaka yake zimekwisha kwa kuchimbua mifupa, ta, ta, ta, asubuhi hadi jioni.

"Mdogo wangu," kaka akamwambia, "mwaka huu ni zamu yenu."

Nguchiro aliogopa. Lakini alirudi shuleni, akagonga mlango wa ofisi, ko, ko, ko.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Unataka nini?"

"Mwalimu, wewe umetufundisha kwamba lenzi inakuza vitu. Nikawa najiuliza, nyama je?"

Fisi akasogea karibu. Mate yakamtoka, tiririri. Akafungua kufuli mwenyewe, akatoa lenzi, akaishika juu ya mfupa wa kwale aliokuwa akiutafuna. Mfupa ukawa kama paja la ng'ombe. Fisi akaruka nyuma, akaangusha kiti. Tangu azaliwe hajaona kitu kama hicho, na ndiye mwalimu wa sayansi.

Akaondoa lenzi ili ale. Mfupa ukarudi udogo wake.

"Umeigusa mapema, Mwalimu," Nguchiro akasema kwa huzuni. "Nyama inataka kukuzwa muhula mzima ndipo ukubwa unashika. Ukiila kabla ya hapo inasinyaa. Si umeona mwenyewe?"

Kweli, Fisi alikuwa ameona mwenyewe. Akauliza nani atakayeshika lenzi muhula mzima.

"Sisi hapa. Ila mikono yetu ni michache. Na wale walioko kwako wangekuja, nyama ingekuwa nyingi zaidi."

Basi shule ikageuka. Fisi akasema, "Shikeni lenzi." Wakashika. Akasema, "Pandisheni." Wakapandisha. Akasema, "Shusheni." Wakashusha. Watoto wakaona mguu wa siafu una manyoya, wakapiga yowe. Lenzi moja ikasahauliwa juani, mfupa ukafuka moshi, chwiii, na harufu ya nyama choma ikamlaza Fisi chali kwa raha. Nguchiro akamweleza kwamba sumaku ikishazoea kuvuta misumari itavuta na mifupa, na kwamba balbu zikiwaka wezi wa nyama hawatasogea. Fisi akaamini yote. Akawa anazunguka na fimbo, akimkuta mtoto anachora tu, anamfokea ashike kifaa. Fisi huyo huyo. Nilipofika hapa nilimwomba aliyenisimulia arudie.

Siku ya mtihani Korongo akaja, na wazazi wakaja. Akasema, "Washeni balbu." Pa, zikawaka zote. Akasema, "Tenganisheni misumari na mchanga." Wakapitisha sumaku, misumari ikarukia, cha, cha, cha. Darasa zima likafaulu. Waokota mifupa wote wakafaulu, na wa kwanza akawa kaka yake Nguchiro, kwa vidole visivyo na kucha. Wazazi walibaki midomo wazi. Mama mmoja alilia kwa sauti na hakuona haya.

Fisi hakuwa na habari nao. Yeye alijua muhula umekwisha. Akaleta sinia lake mbele ya wageni, akaondoa lenzi, akafumba macho, akapanua kinywa cha kumeza paja la ng'ombe, akauma. Kwa! Meno yakagongana. Mfupa wa kwale ukamkwama kwenye jino.

Uwanja wote ukaangua kicheko. Kisha Korongo akapiga makofi. Akasema katika ukaguzi wake wote hajapata kuona mwalimu anayekubali kuchekwa hadharani ili watoto waelewe kwamba lenzi hukuza taswira tu, kitu chenyewe hakikui. Akamtunuku cheti cha Mwalimu Bora wa Sayansi, chenye mhuri na utepe. Ndiyo, Fisi. Nami nilipiga kelele kama ninyi, nikaambiwa mhuri umeshagongwa.

Fisi akarudi nyumbani. Uani hapakuwa na mtoto hata mmoja, wala mfupa uliookotwa. Akaketi chini, akashika lenzi juu ya cheti, kikawa kikubwa. Akangoja kidogo. Kisha akakila, pamoja na utepe.

Hadithi yangu imeishia tumboni mwa Fisi, anayeitaka zaidi amfuate huko.

Na funzo lake ni hili: watoto wasiguse vifaa vya shule hata kidogo. Wakivigusa watajua, na wakishajua, mwalimu mkuu atalala amekula karatasi. Muoneeni huruma.