Mikeka ya Bi Mwanakheri Isiyokaliwa

Paukwa!

"Pakawa!"

Mbona sauti mbili tu? Na huyo mwenye muhogo mdomoni je? Meza kwanza, usije ukapaliwa. Paukwa!

"Pakawaaa!"

Haya, sogeeni motoni. Hapo zamani za kale, kuku walipokuwa wakisema na mafagio yakijibu...

"Fagio lilikuwa linasema nini, bibi?"

Lilikuwa linasema kuna watoto wanaojua kuuliza na hawajui kufagia. Nisikilizeni.

Katika kijiji cha Ukinduni alikuwapo mwanamke mmoja, jina lake Mwanakheri, mke wa Vuai. Mwanakheri huyo alikuwa fundi wa mikeka. Wenzake walisuka mikeka, yeye alisuka maajabu. Alitia rangi ukindu ukawaka kama pilipili, akashona shupatu kwa shupatu, yaani ukanda kwa ukanda, usione mshono, na katikati ya mkeka akasuka maneno. Mkeka mmoja uliandikwa KARIBU MGENI. Mwingine uliandikwa KETI UPUMZIKE. Na mmoja, mkubwa kuliko yote, uliandikwa NYUMBA NI WATU.

Watu walitoka vijiji vya mbali kuja kuitazama. Nasema kuitazama. Kwa sababu mikeka yote ilitandikwa katika chumba cha wageni, na chumba kikafungwa, na ufunguo ukafungwa kwenye pindo la kanga ya Mwanakheri. Ukija, atakufungulia mlango, utasimama kizingitini, mikono nyuma, utasema "Mashaallah," atafunga mlango. Basi.

Yeye mwenyewe na mumewe walilala juu ya jamvi kuukuu lenye matundu. Vuai akiamka, mgongo wake una alama utadhani amelalia wavu.

"Mke wangu," Vuai akamwambia, "tutandike angalau mmoja."

"Ile ni ya wageni."

"Wageni gani?"

"Watakuja."

Watoto wa kijiji wakatunga wimbo. Uimbeni na nyinyi, ni mwepesi:

Usikae, usilale,
mkeka wa wageni!
Mgeni gani? Hajaja!
Basi simama jikoni!

Siku moja akaja Bi Mize, mama yake Vuai. Alitoka kijiji cha pili kwa miguu, na magoti yake yalikuwa yamekwisha zamani.

"Shikamoo, mama," akasema Mwanakheri.

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo humu?"

"Hatujambo. Njoo kwanza uone kazi."

Akamfungulia chumba. Bi Mize akashika mwimo wa mlango, akatazama, akatazama. "Mashaallah! Mkono wako una baraka, mwanangu. Sasa mimi nikae wapi?"

Mwanakheri aliona jinsi magoti ya mama mkwe wake yanavyotetemeka, na haya ikamshika. Ikamshika kweli. Lakini macho yakamshuka mpaka kwenye miguu ya bibi wa watu, akaiona vumbi tupu mpaka vifundoni, na ile haya ikamtoka. Akafunga mlango. Akatafuta huku na huku, kigoda kilikuwa kimevunjika mguu tangu mwaka jana na hakuna aliyekitengeneza. Basi akamletea mbuzi.

"Akamkalisha juu ya mbuzi, bibi?"

Mbuzi ya kukunia nazi, wewe! Siyo mbuzi wa kulia mee. Akamkalisha pale, meno ya chuma yanamtazama mbele, ubao unambana nyuma. Bi Mize akanywa maji, akasema asante, akaaga. Lakini watoto waliokuwa wakipita njiani walimwona alivyokaa, nao wakaimba. Vipi?

Usikae, usilale,
mkeka wa wageni!
Mgeni gani? Hajaja!
Basi simama jikoni!

Haikupita muda, ikawa harusi kwa jirani. Mama wa bibi harusi, Bi Kazija, akaja kupiga magoti. "Shoga yangu, mwanangu ni huyo mmoja. Niazime mkeka, akae mbele za watu."

Mwanakheri akafurahi. Moyoni alisema, mji mzima utauona! Akajitwika mkeka wa KETI UPUMZIKE, akamwambia Vuai amfuate. Wakafika harusini, vigelegele vikapigwa. Bibi harusi akaletwa, kajifunika, anataka kuketi.

"Simama hapo hapo!" akasema Mwanakheri.

"Kuna nini?" akauliza Bi Kazija.

"Ana hina miguuni. Na mafuta. Na amevaa dhahabu, itakwaruza. Mimi nimeleta mkeka harusini, sikuleta mkeka ukaliwe."

Akashika ncha moja, Vuai akashika ncha ya pili, wakauinua nyuma ya bibi harusi kama pazia. Bibi harusi akaketi kwenye gunia la mchele. Ngoma ikapigwa, watu wakacheza, Vuai kashika mkeka. Pilau likapakuliwa, watu wakala, Vuai kashika mkeka. Watu walikula nyama, yeye alikula harufu. Alipojaribu kuachia mkono mmoja ili apate hata tonge, mkewe akamkonyeza kwa jicho moja ambalo waume wote wanalijua.

Wapiga ngoma nao wana maneno. Mmoja akaubadilisha wimbo katikati, na harusi nzima ikaitikia:

Usikae, usilale,
mkeka wa wageni!
Mgeni gani? Hajaja!
Basi simama jikoni!

Mwanakheri uso ukamwaka moto. Walipofika nyumbani akasema neno moja tu: "Wivu." Vuai akamjibu neno moja tu: "Njaa."

Sasa kikaingia kiangazi. Nyinyi mnajua kazi za kiangazi?

"Kuezeka!"

"Kukandika ukuta!"

"Kuanika vitanda, kunguni wafe!"

Hamkosei. Ukinduni nzima ilikuwa kazini kabla masika hayajafika. Huyu yuko juu ya paa anabadilisha makuti, yule anakanyaga udongo wa kukandikia. Magodoro yako juani, mikeka iko juani, jivu linamwagwa pembezoni mwa kuta. Kwa Mwanakheri pia walifanya kazi. Waliezeka jiko, wakakandika ukumbi. Walipofika chumba cha wageni, Vuai akaja na karai la udongo.

"Fungua, mke wangu. Ukuta wa nyuma umepasuka."

"Udongo utarukia mikeka."

"Basi tuitoe tuianike."

"Jua litakula rangi!"

Vuai akaondoka na karai lake. Likaja fagio, ti-ti-ti, kwa kijiti chake kimoja.

"Bi Mwanakheri, nifungulie nifagie. Kuna vumbi jekundu linatoka chini ya mlango, na mimi vumbi nalijua, ndugu yangu huyo."

"Wewe una miba. Utachomoa ukindu. Nenda kafagie uwanja."

Akaja kuku, shingo mbele. "Bi Mwanakheri, nasikia watu wanatafuna chini ya sakafu. Nifungulie nidonoe. Sitaki malipo, watakuwa chakula changu wenyewe."

"Kuku akanyage mikeka yangu? Na kucha hizo? Na lile jambo lako jingine usilochagua mahali pa kulifanyia? Toka!"

Kuku akatoka, lakini akasema, "Anayekataa mdomo wangu atakutana na midomo mingine."

Jua lilipopinda, Mwanakheri akiwa amekaa nje ya chumba chake, akasikia sauti nyembamba ndani ya ukuta.

"Hodi."

"Nani?"

"Sisi wadogo tu, mama. Tunatokea chini."

"Mnataka kukaa?"

"Kukaa? Astaghfirullah! Sisi hatukai."

"Mnataka kulala?"

"Kwetu hakuna usingizi, mama. Sisi ni watu wa kazi."

"Sasa mnataka nini?"

"Tumesikia sifa. Sisi ni wapenzi wa sanaa. Wengine wanatazama mkeka juu juu wanakwenda zao. Sisi tutaupitia chane kwa chane, jani kwa jani, mpaka tuumalize."

Mwanakheri akajisikia mwili mzima umekuwa mwepesi. Miaka yote hiyo hakuna aliyemwambia maneno kama hayo. Mumewe aliona mkeka, akataka kulala. Mkwewe aliona mkeka, akataka kukaa. Leo wamepatikana wanaojua thamani ya kazi! Akasema, "Karibuni, wageni wangu."

"Bibi, hao ni mchwa! Watakula!"

Tazama, wewe umejua, na meno ya mbele hujaota. Yeye hakujua. Kila siku akipita mlangoni anasikia kri-kri-kri, anatabasamu. Anasema, wanasifu.

Masika yakaja, yakanyesha, yakaisha. Ndipo habari ikaenea kwamba Jumbe anapita vijijini kutazama sanaa za watu wake. Jumbe huyo alikuwa mtu mnene, mpenda vitu vizuri, na kila aendako ana kundi la waitikiaji. Akisema "Jua kali," wanasema "Kali mno!" Akisema "Limepoa," wanasema "Tena baridi!"

Mwanakheri akajua ndiye. Mgeni ndiye huyu. Akavaa kanga mpya, akajifukiza udi, akasimama mlangoni kwake, na kijiji kizima nyuma yake. Bi Mize pia alikuwapo, na mkeka wake mwenyewe kwapani. Tangu ile siku ya mbuzi, akija nyumba ile huja na pa kukalia pake.

Jumbe akafika. Mwanakheri akafungua pindo, akatoa ufunguo, akafungua mlango.

Mikeka ilikuwa pale pale. Inang'aa. Rangi zote zipo, herufi zote zipo. Mchwa hula kutoka chini, wanangu, juu wanaacha kama ganda la muwa uliokwisha kutafunwa.

"Mashaallah," akasema Jumbe.

"Mashaallah mno!" wakaitikia.

Na Mwanakheri, kwa mara ya kwanza tangu ajifunze kusuka, akalitamka neno ambalo halijapata kutoka kinywani mwake: "Keti, Jumbe. Keti, bwana wangu."

Jumbe akachagua mkeka mkubwa kuliko yote, akajishusha kwa uzito wake.

Puuuu!

Mkeka ukawa unga. Vumbi jekundu likapanda mpaka makutini. Jumbe kakaa chini kwenye udongo, kanzu nyeupe imekuwa nyekundu, anapiga chafya, na waitikiaji wake wote nao wakapiga chafya, hata waliokuwa nje uwanjani. Kutoka chini ya paja lake akatokea mchwa mmoja, tumbo mbele.

"Bi Mwanakheri," akasema, "kazi safi. Hasa ule ulioandikwa KARIBU MGENI. Tuliusoma, tukakaribia."

Kuku akamdonoa. Lakini mmoja ana faida gani?

Hakuna aliyecheka. Hata watoto hawakuimba. Mwanakheri akapiga magoti, akachota lile vumbi kwa viganja viwili, likampita katikati ya vidole. Miaka yake yote ya kusuka ilikuwa mle. Alitaka kulia akashindwa, kwa kuwa hakujua amlilie nani, na ubaya ni wake mwenyewe.

Kukasikika sauti nje, kivulini. "Jumbe, njoo huku. Huu wangu umechakaa, lakini unakalika."

Alikuwa Bi Mize, ameshatandika. Ulikuwa mkeka uliopauka, pembe zake zimeshonwa vitambaa. Jumbe akaupapasa kwanza, ameshakuwa mwoga, kisha akaketi. Ukamchukua. Akautazama mshono wake.

"Fundi wa huu yuko wapi?"

"Si ndiye huyo hapo ndani na vumbi lake," akasema Bi Mize. "Aliniletea mwaka alioolewa, kabla watu hawajampa sifa. Nimeuanika kila kiangazi. Wajukuu wameukojolea, nikauosha. Tumeulia futari, tumemlazia mgonjwa, tumemwogeshea mtoto. Bado upo. Mwanakheri! Njoo ukae na wewe."

"Mama, nina vumbi."

"Mkeka unajua vumbi. Kaa."

Mwanakheri akaja, akaketi ukingoni, kwa woga, kama mtu anayekalia kitu cha watu. Alikuwa hajawahi kukalia kazi ya mkono wake. Ukindu ulikuwa laini kwa kukaliwa, na ubaridi wake ukampanda miguuni taratibu. Akakunjua miguu. Kisha akainyoosha.

"Kumbe ni baridi," akasema.

Bi Mize akamsogezea sahani ya ndizi. Na Vuai? Vuai alikuwa amelala kwenye pembe, chali, zamani, anakoroma.

Basi wanangu, kizuri kisichotumiwa na wenyewe hutumiwa na wasioalikwa. Mkishika hilo, nimeshiba. Hadithi yangu imetembea, imechoka, inaketi hapo hapo.