Mashua ya Nafula

Mashua isiyolowa ndiyo izamayo. Naona mnatazamana na kuzuia kicheko. Mnasema mzee aliyeutamka msemo huo asubuhi pale ufukoni, alipoona turubai lenu jipya juu ya mashua yenu mpya, amechanganyikiwa, maana kila mtu anajua kwamba mashua huzamishwa na maji wala si na ukavu. Haya, chekeni, na mkimaliza mkae chini. Methali hii ina mahali ilipozaliwa na ina wenyewe, na ilianza hivi.

Miaka ile Ziwa Naivasha lilikuwa na besi wengi kuliko leo. Besi mnamjua: mgongo wa kijani iliyokolea, mdomo mpana, na hasira zisizolingana na kimo chake. Na mtu aliyemjua besi kuliko wote upande huu wa kusini alikuwa Wabwile. Kwa miaka kumi na tano alikuwa akiwaongoza wageni wa hoteli kuvua kwa fimbo, hata akachoka kubeba samaki wa wenzake, akamwendea Gathogo, fundi wa mashua, akamwomba amchongee yake.

Kila aliyenunua fimbo alipitia kwa Wabwile kwanza, naye hakuwa mchoyo wa maneno.

"Usirushe chambo katikati ya ziwa," alikuwa akiwaambia. "Besi hakai sokoni, hukaa barazani, na baraza lake ni kivuli cha mafunjo. Rusha pale mafunjo yanapoishia. Acha chambo kizame, hesabu hadi tano, vuta kidogo, tulia. Mwenye mkono wa haraka hula ugali mkavu. Na usigonge sakafu kwa viatu, maana besi husikia mguu kabla ya kuona chambo."

Chambo chenyewe alikitengeneza kwa vijiko vikuukuu vya chai. Alikata mpini, akatoboa tundu, akafunga ndoana, basi. Na kwa waliotaka kununua mashua alikuwa na onyo moja ambalo hakuacha kulirudia: mashua ya mbao usiiache juani. Mbao zikinywa maji hunenepa zikabanana. Zikikosa maji hukonda, na mianya ikafunguka. Mashua ikikaa nchi kavu hata mwezi mmoja, ijaze mawe, izamishe penye maji haba, uiloweke siku mbili tatu ndipo uipande. Watu walimsikiliza, na mashua zao zilidumu.

Lakini mganga hajigangi.

Kuvua besi ni kazi ya watu wawili, mmoja apige kasia na mwingine arushe. Mpiga kasia wa Wabwile alikuwa mkewe, Nafula. Mnajua mpiga kasia hukaa akitazama nyuma, na Wabwile alikaa huko nyuma, kwa hiyo walikuwa wakitazamana uso kwa uso kutwa nzima. Nafula hakuhitaji kuambiwa aisimamishe mashua wapi. Aliyatazama macho ya mumewe, na yalipotulia mahali, naye alituliza makasia. Alipiga kasia bila viatu, visigino amevikaza kwenye ubao wa sakafu, na miaka ilivyopita visigino hivyo vilichimba vibonyeo viwili kwenye mbao. Kulikuwa na ghuba ndogo ndani ya mafunjo waliyoipenda kuliko zote. Wavuvi wengine waliiita Kwa Nafula, wala hawakuingia humo kama hajawakaribisha. Hayo yalikuwa maisha matamu, wanangu. Wazee wa hapa bado huyakumbuka.

Nafula aliugua homa ya mapafu, akafa, akamwachia Wabwile binti wa miaka kumi, Nelima.

Baada ya matanga Wabwile aliitoa mashua majini. Aliijengea paa la mabati nyuma ya nyumba, akaipandisha juu ya magogo, akaipiga msasa, akaipaka rangi ya samawati na mstari mweupe. Ule ubao wa sakafu ulikuwa na vibonyeo, akavijaza puti ya kuzibia nyufa ili pawe sawasawa, kisha akapaka rangi juu yake. Tangu hapo kila Desemba, hata kama mwaka ulikuwa mgumu, aliipaka upya. Yeye mwenyewe alivua akiwa amesimama ufukoni, au katika mashua za watu. Wageni walipopita walisema hawajaona mashua nzuri kama ile, naye aliwashukuru kwa kichwa tu.

Gathogo hakuisifu hata siku moja.

"Baba Nelima," alikuwa akimwuliza, "hii niliyokuchongea ni mashua au kabati?"

"Iache, fundi. Haina shida."

"Haina shida kwa sababu haina kazi."

Miaka minane ilipita hivyo. Nelima akamaliza shule, akapata nafasi katika chuo cha uuguzi huko Pwani, na Jumatatu moja ilikuwa siku yake ya kuondoka. Alhamisi kabla ya hapo alimkuta baba yake akifuta vumbi kwenye mashua kwa kitambaa.

"Baba, nipeleke Kwa Nafula kabla sijaondoka. Nipige kasia mimi."

"Tutakwenda na mashua ya Gathogo."

"Nataka na hii."

"Hii haitoki."

Nelima hakuwa mtoto wa kubishana na mzazi. Alisema, macho yakiwa chini, "Nimeisahau sauti yake, Baba. Hata sijui alikuwa akikaaje humu ndani. Nikienda huko nitakuwa sina kitu chochote chake."

Wabwile alisimama na kitambaa chake mkononi. Kwa miaka minane alikuwa ameilinda mashua ile ili Nafula asipotee, na sasa mtoto wa Nafula anamwambia kwamba kwake ameshapotea. Iliuma. Akasema watakwenda kesho yake asubuhi.

Gathogo aliposikia alikuja mbio, nyundo bado mkononi. "Iloweke kwanza. Leo Alhamisi, Jumapili itakuwa tayari. Wewe unalijua hilo kuliko mimi."

"Imepakwa rangi mara nane, fundi. Maji yatapitia wapi?"

"Rangi si kalafati, haizibi mianya."

"Niijaze mawe na matope mashua ya Nafula? Ng'o."

Gathogo akaenda zake. Sikio la kufa halisikii dawa.

Ijumaa asubuhi watu wa ufukoni waliacha kazi zao kuitazama ikishuka majini. Ilipendeza kweli. Nelima alivaa jaketi la maboya, akashika makasia, baba yake akakaa nyuma na fimbo yake. Kwa mwendo wa nusu saa sakafu ilikuwa kavu, na Wabwile akaanza kujisifu moyoni. Kisha, walipoyakaribia mafunjo, rangi ilipasuka kwa mlio mdogo, ukatoka uzi wa maji kati ya mbao mbili. Akauziba kwa kidole. Ukatoka wa pili, na wa tatu, kisha mshono mzima wa upande wa kushoto ukaachia.

"Baba, miguu yangu imelowa."

"Piga kasia tu. Geuza turudi."

Wabwile alifua maji kwa kopo, akiyamwaga nje, hadi mikono ikamlegea. Aliyekuwa akiwafundisha watu jambo hili kila wiki alijua hasa kinachotokea chini yake, na aibu ilimchoma kuliko woga. Maji yalifika vifundoni, yakafika magotini, na mashua ikalala hadi kingo zake zikawa sawa na ziwa. Wakabaki wameishikilia, nusu yao majini. Mbali kidogo viboko wawili waliinua vichwa, wakapuliza pua.

Mashua ya mbao iliyojaa maji haiendi chini upesi, lakini haikubebi pia. Wangekaa hapo hadi lini, Mungu ajua. Heri yao Gathogo hakuwa amelala. Alikuwa akiwafuata tangu mwanzo katika mashua yake mwenyewe, chombo kibaya cheusi kwa lami ambacho hakuna mgeni aliyewahi kukitazama mara mbili, na ndani yake hamkuwa na maji hata ya kunawa. Akamvuta Nelima kwanza. Kisha akamnyoshea mkono Wabwile, naye akaukataa.

"Nenda na mtoto, fundi. Mimi nakaa na mashua."

"Viboko wanakutazama, bwana!"

"Nilimwacha Nafula hospitalini nikaenda kulala. Asubuhi sikumkuta. Hii siiachi."

Kwa miaka minane hakuwa amemwambia mtu neno hilo. Nelima ndiye aliyejibu, akitetemeka kwa baridi, amejipinda nje ya mashua kumshika baba yake ukosi wa shati.

"Na mimi je, Baba? Nami utaniacha?"

Hapo Wabwile akapanda. Wakaifunga kamba ile mashua ya samawati, wakaikokota polepole hadi penye maji ya kiunoni.

"Tuitoe majini, tuiweke juani ikauke," Wabwile alisema, meno yakigongana.

"Juani?" Gathogo aliitupa kamba chini. Hasira za miaka minane zilimpanda, na machozi vilevile. "Jua ndilo lililoizamisha! Jua, na hayo mabati yako, na hicho kitambaa chako! Wewe huwaambia watoto wa watu kila siku, lakini leo nisikilize mimi niliyeichonga. Mashua isiyolowa ndiyo izamayo!"

Nelima alikwenda ufukoni, akaokota jiwe kubwa kiasi cha kulikumbatia, akarudi nalo majini, akaliweka ndani ya mashua ya mama yake. Akaenda kuleta la pili. Kila jiwe lililokwaruza rangi ile lilimkwaruza Wabwile kifuani, lakini walipofika jiwe la tano naye aliinama akaokota lake. Mashua ikashuka, ikakaa chini kabisa, na maji yakafunga juu yake. Siku zile mbili hakuna aliyemwona Wabwile akila vizuri.

Jumapili alfajiri wakatoa mawe. Wakafua maji, wakasubiri. Gathogo akapitisha kiganja kwenye kila mshono, akawaonyesha: kikavu. Mbao zilikuwa zimekunywa zikashiba, zimebanana. Ila rangi ilikuwa imebambuka vipande vipande, mashua imekuwa na madoa kama ng'ombe.

Nelima alipanda, akaketi kwenye ubao wa katikati, akatazama miguuni. Mbao zilipovimba zilikuwa zimeisukuma puti ya zamani ikatoka, nayo imelala pembeni kama makombo ya mkate.

"Baba, hapa pamefanywa nini?"

Wabwile alitazama. Vile vibonyeo viwili vilikuwa pale pale, laini, vyeusi kwa miaka ya jasho. Alikuwa amesahau kabisa kwamba ni mkono wake mwenyewe uliovifunika.

"Hapo," alisema, akavigusa kwa kidole. "Hapo mama yako alikuwa akiweka visigino."

Nelima akavua viatu, akaviweka visigino vyake humo. Vilikuwa vikubwa kidogo kuliko vya mama yake, lakini vilitulia. Akashika makasia.

Gathogo hakwenda nao siku hiyo. Walipita kando ya mafunjo, baba na binti wametazamana uso kwa uso, na Wabwile hakumwelekeza kushoto wala kulia. Ghuba ilipofunguka, macho yake yalituama mahali, na makasia yakatulia papo hapo. Hakuwa amemfundisha hilo. Akarusha kijiko chake pale mafunjo yanapoishia, akakiacha kizame, akasahau kuhesabu hadi tano maana alikuwa akilia. Besi akakidaka hivyo hivyo, fimbo ikapinda, Nelima akapiga kelele, na Wabwile akacheka kwa sauti ambayo ufuko huu ulikuwa umeisahau.

"Alikuwa akipiga kelele hivyo hivyo," alimwambia binti yake. "Kila samaki, miaka yote. Mimi namkataza kwamba atawafukuza besi, na yeye anapiga. Sauti yake ndiyo hiyo."

Jumatatu Nelima akaondoka. Mabati ya lile paa Wabwile aliyang'oa akaezekea banda la kuku. Mashua aliifunga kwenye nguzo ufukoni, kwa kamba yenye nafasi ya kupanda na kushuka na ziwa, na kila aliyetaka kujifunza besi alijifunzia humo. Nje aliipaka lami kama ya Gathogo. Ndani hakuipaka kitu tena hadi alipokufa, na vile vibonyeo viliendelea kuchimbika kwa visigino vya watu wengi. Leo vina kina cha kidole. Mkitaka kuviona nendeni mkaangalie mashua ya tatu kutoka kwenye nguzo, ile mliyoipita asubuhi mkaiita kuukuu.

Kisha mrudi kwenye yenu. Naijua hofu yenu, mmejinyima sana hata mkaipata mashua hiyo, na mnaogopa mkwaruzo wa kwanza. Hata hivyo litoeni turubai hilo, muishushe majini. Mashua isiyolowa ndiyo izamayo.