Chumvi ya Kuulizia

Wapo watu ambao heri wapotee siku tatu kuliko kumsimamisha mpita njia na kumwuliza. Kwao, mwulizaji ni mtu asiyejua kitu. Kumbe asiyeuliza ndiye anayebaki na giza lake mfukoni, akilitunza kama mali. Wahenga waliona mbali waliponena kuwa kuuliza si ujinga. Kapinga, fundi cherehani wa Katuba, jijini Lubumbashi, aliujua msemo huo tangu utotoni, lakini aliujua kama mtu anavyolijua jina la mtaa ambao hajawahi kuukanyaga.

Kapinga alikuwa mama wa mtoto mmoja, Exaucée, ambaye bado alibebwa mgongoni. Majirani walimjua kwa mishono yake. Wapenzi wa mchezo wa Wachukuzi wa Chumvi, kuanzia Lubumbashi hadi Pweto, walimjua kwa kazi nyingine: yeye ndiye aliyetunza daftari kubwa.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa kwenye simu. Haukutoka kwa kampuni yoyote. Ulitungwa na mtu mmoja, Papa Mardochée wa Ruashi, upande mwingine wa jiji, aliyetengeneza redio na simu mbovu ili apate kula, na muda uliobaki akaumwaga wote humo. Mchezaji huvaa nafsi ya kiongozi wa msafara wa zamani. Huwapa majina wachukuzi wake, huondoka nao na mizigo ya chumvi kuelekea Ziwa Mweru, na kila uamuzi wake huzaa tamu au chungu yake. Sehemu ya kwanza ilitoka miaka kumi na mitatu iliyopita, enzi za simu ndogo za vibonye. Zikafuata nyingine tano. Kila sehemu ilipoisha, simu ilitoa mstari wa herufi kumi na mbili. Mchezaji akiuandika mwanzoni mwa sehemu iliyofuata, wachukuzi wake walirudi na majina yaleyale na makovu yaleyale. Kwa kuwa simu huibwa, na nyingine hutumbukia kwenye ndoo za maji, watu walimpelekea Kapinga mistari yao naye akaiandika. Daftari lilikuwa na misafara mia tatu na kumi na miwili.

Msafara wa kwanza ulikuwa wake. Juu ya ukurasa ule marehemu mama yake, ambaye hakujua kusoma, alikuwa amechora msalaba mdogo wa shaba, kama ile iliyokuwa fedha ya wahenga wa Katanga, kuwa alama ya mchukuzi aliyemchagulia jina. Kila jioni mama alikuwa akikoroga bukari, ugali wao, huku akiuliza, "Bachukuzi balifika?" Aliuliza hivyo miaka mingi, wala hakuona haya hata siku moja.

Sasa katika mchezo huo palikuwa na vitufe vinne tu: Tembea, Beba, Pumzika na Uliza. Vitatu vya kwanza vilikuwa bure. Ukibonyeza Uliza, mtu wa njiani alikujibu, lakini ulimlipa fungu la chumvi kutoka mfukoni mwako. Hapo ndipo wapenzi wa mchezo walipopata pa kujivunia. Aliyemaliza sehemu nzima bila kuuliza aliheshimiwa na kuitwa mzee. Aliyeuliza aliitwa bleu, jina wanalobandikwa wanafunzi wapya chuo kikuu wanapochezewa na wenzao. Mwishowe desturi ikavuka kutoka kwenye simu ikaingia midomoni: hata katika mazungumzo yao ya WhatsApp, aliyeuliza swali alikuwa bleu, na bleu hakupewa jambo la heshima.

Miaka mitatu ilikuwa imepita tangu sehemu ya sita. Sehemu hiyo iliishia kando ya moto: wachukuzi wameketi, kiongozi wao wa njia, Bibi Nkandu, ameinuka na fimbo yake na kutokomea gizani, na maneno yakatokea, "Njia haionekani." Wachezaji walibonyeza Pumzika, wakapewa herufi zao kumi na mbili, wakangoja sehemu ya saba. Wakangoja mpaka shingo zikawarefuka kama twiga. Papa Mardochée hakusema neno. Namba yake ya simu ilikuwa haipatikani.

Kimya kikizidi, maneno huota kama uyoga baada ya mvua. Palisemwa kuwa amekufa. Kisha kuwa yuko Afrika Kusini. Kisha kuwa hajafa wala hajaondoka, bali amegeuka. Basi Jumapili moja ya mwezi wa kumi na moja, wazee wa mchezo walikutana katika ua wa Mwenze, mwenye duka la vinywaji, na Djo akaleta habari iliyoziba masikio kwa nyingine zote. Djo alikuwa wakala wa forodha Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kijana wa maneno mazito, na mzee wa wazee: tangu sehemu ya kwanza hakuwahi kubonyeza Uliza. Alieleza kuwa alimwona Papa Mardochée kwa macho yake, kati ya foleni ya malori, akizungumza na mtu wa Zambia aliyebeba kompyuta begani, na kwamba wawili hao walipeana mikono na kucheka. Tena alikuwa amepita Ruashi akakuta kibao cha karakana hakipo.

"Aliuzisha Wachukuzi," Djo alimaliza. "Shiye tuko kilio, yeye iko anacheka."

Hapo wakakata shauri. Jumapili ijayo, saa kumi alasiri, watawatangazia wachezaji wote kwamba mchezo umekufa na mwenyewe kauuza. Na kama msiba unavyoondolewa, watawasha mbabula, jiko la mkaa, uani na kuchoma daftari kubwa, ukurasa kwa ukurasa, kila mtu aende zake.

Kapinga alielewa maana yake. Daftari likiungua, hata sehemu ya saba ikija kesho, misafara mia tatu na kumi na miwili itakuwa haina njia ya kurudi. Alimvuta mtoto vizuri mgongoni, akamwita Djo kwa heshima ya kaka, akasema neno ambalo kila mmoja alikuwa amelimeza.

"Ya Djo, nani kati yetu aliendaka kumuuliza yeye mwenyewe?"

Kicheko kikapasuka kama chungu kilichodondoka. Mmoja alisema bleu amezaliwa akiwa na mtoto mgongoni. Mwenze, aliyempenda Kapinga kama dada, alijifuta machozi ya kicheko, akanyoosha mkono.

"Sheria ni sheria, Mama Exaucée. Bleu hachungake kitabu. Leta."

Kapinga akalitoa daftari. Aliporudi nyumbani, jina lake kwenye WhatsApp lilikuwa limegeuzwa kuwa Bleu 313.

Wiki ile ilimwendea kama kutembea juu ya makaa. Alishona mkono wa kushoto wa gauni la bibi harusi upande wa kulia, akafumua, akakosea tena. Alijiambia anyamaze, watu watasahau, cheo kitarudi. Upande mwingine alijiuliza: kama kweli ameuza, nitakuwa bleu mara mbili, wa kuuliza na wa kujibiwa vibaya. Siku zikapukutika, Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Jumamosi jioni alikuwa akikoroga bukari, mara ulimi wake ukasema peke yake, "Bachukuzi balifika?" Hakuna aliyemjibu. Mwiko ukabaki umesimama mkononi mwake.

Kesho yake, walipotoka kanisani, alimfunga Exaucée mgongoni akashika njia ya Ruashi. Mtu haendi kwa mwenzake mikono mitupu. Alinunua pakiti ya chumvi.

Kibao hakikuwepo kweli. Juu ya mlango palibaki misumari miwili na alama ya mstatili. Miguu yake ikataka kugeuka. Ndani alisikia redio ikikoroma. Akabisha hodi.

Papa Mardochée alikuwa ameinamia meza, miwani imefungwa kwa uzi, amekonda kuliko alivyomkumbuka. Mzee hakumtambua.

"Simu gani ulikuya kuchukua, mama?"

"Sikukuya kwa simu, papa. Nilikuya kuuliza."

Mzee aliweka bisibisi chini polepole, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa kutoka mbali. Akamwambia aulize.

"Uliuzisha Wachukuzi?"

"Kwa nani? Nani atanunua kintu chenye benyewe balichoka nayo?"

Basi Kapinga akamweleza yote yaliyosemwa, mzee akisikiliza mdomo wazi, kisha mzee akajibu moja moja. Kibao kiling'olewa na upepo wa mvua ya kwanza. Kiko nyuma ya nyumba, kinangoja misumari. Mtu wa Kasumbalesa ni Chisanga, shemeji yake wa Kitwe kule Zambia, ambaye anautafsiri mchezo kwa Kibemba, na kilichowachekesha ni jina la mbuzi wa sehemu ya pili. Namba ya zamani iliibwa pamoja na simu kabla tu ya sehemu ya sita kutoka. Namba mpya aliiweka mwishoni mwa sehemu ya saba, atakayefika ampigie. Tangu wakati huo simu haijalia.

Kapinga alidhani hakusikia vizuri. Alisema kuwa sehemu ya saba haijatoka.

Papa Mardochée alizima redio. "Mama, chumvi yako iko ngapi?"

Kapinga alitoa simu. Mafungu thelathini na saba.

"Na pale ku moto, Bibi Nkandu akisha kwenda, ulifinya nini?"

"Pumzika. Bote tulifinya Pumzika."

Mzee akafumba macho. Kapinga akafungua mchezo, akarudi kwenye moto ule ule, kwenye maneno yale yale, "Njia haionekani." Kitufe cha nne kilikuwa kinawaka, kama kilivyowaka kwa miaka mitatu. Wachezaji waliouliza mara kwa mara njiani walifika pale mifuko mitupu, kitufe kikiwa kimezima. Waliofika na chumvi walikuwa ni wazee, na wazee hawaulizi. Akakibonyeza. Fungu moja likatoka. Kutoka gizani maneno ya Bibi Nkandu yakatokea, "Nilikuwa nimesimama hapa hapa. Mbona mlichelewa kuniita?" Kukapambazuka, sehemu ya saba ikafunguka, na ng'ambo ya majani Ziwa Mweru likatandaza fedha yake yote.

Kapinga alilia bila sauti. Alipoweza kusema, alimwuliza kwa nini hakuwaambia.

"Niliweka zawadi mu nyumba yenu, hakuna aliyeifungua," mzee alijibu. "Nikasema, banachoka nami. Nilitaka kuuliza. Nami pia nikasikia haya."

Saa ya ukutani ilionyesha tisa na dakika arobaini. Kapinga alishtuka kama aliyemwagiwa maji ya baridi. Aliiacha chumvi mezani, akamwambia mzee kuna moto Katuba ambao hauna budi kuzimwa, akasimamisha pikipiki ya kwanza iliyopita. Njia nzima alimshika mtoto kwa mkono mmoja na simu kwa mwingine, akiomba taa za njia panda zisimwekee kinyongo.

Alifika moshi umeshapanda juu ya ukuta. Watu arobaini walisimama kwa duara kuzunguka mbabula, kimya kama wako msibani, na Djo alikuwa akisoma jina, akichana, akitupa. Kurasa tisa zilikuwa zimekwisha. Walianzia mwanzo. Ule wa kwanza, wenye msalaba mdogo wa shaba, ulikuwa jivu jeusi lililojikunja ukingoni mwa makaa. Herufi zake kumi na mbili Kapinga alizijua kwa moyo. Msalaba ule haukuwa na herufi.

Mtu mmoja akasema bleu amekuja kuzika. Hakumjibu. Alimwendea Djo moja kwa moja, akaweka kiganja chake juu ya ukurasa wa kumi.

"Ya Djo, chumvi yako iko ngapi?"

"Makumi ine na moja. Unajua."

"Toka mwaka gani?"

"Toka sehemu ya kwanza."

"Unaichungia nani?"

Kapinga alinyanyua simu yake, ziwa likiwa bado linang'aa juu ya kioo, akaizungusha ili walio karibu waone. Aliwaeleza kwa maneno machache: kibao, shemeji, namba, moto, kitufe cha nne. Hakuwalaumu wala hakupaza sauti. Mwenze alikodoa macho kwenye ziwa lile, kisha akachukua ndoo ya kuoshea glasi, akaimwaga yote kwenye mbabula. Mvuke ukapiga kelele na kunyamaza.

Watu wote sasa walimtazama Djo. Alitoa simu yake, akaufungua mchezo, akafika kwenye moto. Kidole kilitangatanga juu ya kioo kikienda kulia, kikirudi kushoto, kama cha mtu anayetafuta mlango wa nyumba ngeni. Miaka kumi na mitatu hakuwahi kukitazama kitufe kile. Kwa kitambo kidogo ilionekana kama atairudisha simu mfukoni na kuondoka.

Kisha akainama hadi karibu na sikio la Kapinga, sauti yake ndogo kama ya mtoto wa darasa la kwanza.

"Mama Exaucée, banafinya wapi?"

Hakuna aliyecheka. Kapinga alimwonyesha. Mwanga wa ziwa ukampiga Djo usoni, na mmoja baada ya mwingine, wazee arobaini wakatoa simu zao na kuanza kuulizana. Kapinga alilichukua daftari lililochanika, akachutama, akaandika upya msafara wa kwanza kwenye jalada la ndani. Juu yake akachora msalaba mdogo, uliopinda kidogo, kwa mkono wake mwenyewe. Exaucée akaamka mgongoni na kulia, naye akamnong'oneza kuwa ndiyo, wachukuzi wamefika.

Hakika, waliotunza chumvi yao walikaa gizani miaka mitatu, na aliyekubali kuchekwa ndiye aliyewaonyesha ziwa: kuuliza si ujinga.