Jina la Ngoma ya Tatu

Hapo zamani, huko milimani, palikuwa na kijiji cha Kwemtindi, ambacho watu wake waliupenda mpira kuliko usingizi. Kila mwaka vijiji vilishindania fahali mmoja. Nyama yake iliisha siku moja, lakini ngozi ilidumu, kwa maana iliwambwa ngoma, na ngoma ikapewa jina la mtu aliyeuleta ushindi. Jina moja tu. Lilichomwa kwenye mti wa ngoma kwa chuma cha moto kabla ngozi haijakauka. Ngoma isiyo na jina haikupigwa kamwe.

Fundi wa ngoma hizo alikuwa Mzee Shekiondo. Kwa miaka thelathini alikuwa amewamba mbili tu. Ya kwanza iliitwa Singano, beki aliyecheza fainali nzima na kiatu kimoja. Ya pili iliitwa Mdoe, aliyefunga kwa kichwa, akazimia, akazinduka akiuliza, "Limeingia?" Watoto ambao hawakuwaona kamwe waliyajua majina hayo, kwa sababu walikuwa wakiyacheza.

Mzee Shekiondo alikuwa na mwana, Hoza, mshambuliaji. Hoza akigusa mpira, kipa anauokota nyavuni. Lakini Kwemtindi wakifunga matatu, wanafungwa manne. Wakifunga manne, wanafungwa matano. Lango lao lilikuwa mlango usio na komeo.

Sasa, vijiji vile vilikuwa na desturi. Siku ya kufungua ligi, timu mbili zingeweza kubadilishana wachezaji, mtu kwa mtu, mpaka msimu uishe, ikiwa wenyewe wamekubali. Anayekuja hulala kitanda cha aliyeondoka, hula sahani yake, na wazazi wa aliyeondoka humwita mwanangu.

Mwaka mmoja, siku hiyo ilipofika, kocha Shemboza akasimama, akasema, "Hoza aende Bagai. Bagai watupe Mbelwa."

Mbelwa! Kipa wa akiba, mfupi kama kinu! Watu wakashika vichwa.

"Shemboza, umetoa jogoo umeleta yai!"

"Ndani ya yai mna jogoo," akajibu Shemboza, akafunga kamba za viatu vyake kana kwamba hakuna anayemtukana.

Hoza akamtazama baba yake. Mzee Shekiondo alitaka kusema usiende. Akasema, "Nenda, mwanangu. Timu ikikutuma, umetumwa." Hoza akaenda.

Mbelwa akalala kitanda cha Hoza, na miguu yake ikaishia katikati ya godoro. Jioni alikaa na mzee, huyu akichonga, yule akikusanya vumbi la mti. Na mzee, kwa sababu alimkumbuka mwanawe, hakuwa na hadithi nyingine.

"Alipokuwa mdogo alikuwa akipiga ndimu kwa mguu, akiwalenga kuku wa mama yake. Mjanja yule! Macho kwa jogoo, ndimu kwa tetea. Tetea hata hajui imetoka wapi!"

Wakacheka, wakaenda kula.

Msimu ukaenda. Mbelwa akadaka mechi ya kwanza, akadaka ya pili, akadaka mpaka watu wakaacha kulitaja yai. Hoza naye akawafungia Bagai, na katika nusu fainali akawang'oa Zimbiri, mabingwa wa miaka saba, ambao Kwemtindi hawakuwahi kuwafunga hata siku moja.

Fainali ikawa Kwemtindi na Bagai. Dakika tisini, hakuna bao. Wakapiga penalti. Kwemtindi walifunga zote tano. Bagai walifunga nne, na ya tano ikawa ya Hoza.

Hoza akautua mpira. Akatazama kona ya upande wa mlima. Akapiga upande wa mto. Na Mbelwa alikuwa ameshajirusha upande wa mto! Akaukumbatia mpira kama mtoto mchanga, na Kwemtindi wakapiga kelele mpaka mbuzi wakakata kamba.

Kesho yake ikawa siku ya wachezaji kurudi makwao. Mzee Shekiondo aliwamba ngozi mbichi kwenye mti, akatia chuma motoni. Wakaja watu watatu.

Wa kwanza, Shemboza. "Mzee, nani aliyeitwa mwendawazimu sokoni? Mimi. Nani aliyeona jogoo ndani ya yai? Mimi. Bila macho yangu, mngekuwa mnafunga manne, mnafungwa matano."

Wa pili, Mbelwa, mfuko begani. "Baba, macho yake hayakudaka mpira hata mmoja. Mikono ndiyo iliyodaka, na mikono ni hii. Leo narudi Bagai, kwa watu niliowanyima fahali. Wameshaniandalia maganda ya ndizi ya kunirushia! Acheni walau ngoma moja duniani iniite kwa jina."

Wa tatu, Hoza. Alisimama mlangoni kama mgeni. "Baba, Mbelwa alipatikana kwa bei gani? Bei ni mimi. Zimbiri waliondolewa na nani? Mimi. Na ile penalti niliipiga kwa moyo wote, sikuuza mechi ya Bagai, wala sikuwapa ninyi zawadi. Sasa watoto wa kijiji changu wananiimba kwa kukosa."

Mzee Shekiondo akashika chuma. Akimpa mwanawe, watasema damu imeamua. Akimnyima, atakuwa amemtuma mbali na nyumbani mara ya pili.

Ndipo Mama Hoza akacheka kutoka jikoni. "Mbelwa, mwanangu, hebu sema. Ulijuaje kuwa Hoza atapiga upande wa mto?"

Mbelwa akakuna kichwa. "Mama, si Baba alinisimulia? Macho kwa jogoo, ndimu kwa tetea."

Wote wakamgeukia mzee. Hoza akaangua kicheko mpaka akakaa chini. "Kumbe ni wewe, Baba!"

"Mimi nilikuwa nakukumbuka tu," akasema mzee, na masikio yakamwaka moto kama chuma kile.

"Basi na wewe umo," akasema mkewe. "Mko wanne, na ngozi inakauka."

Na kweli, wanangu, ngozi ilikuwa imeshaanza kukaza pembeni. Chuma kilikuwa chekundu. Mzee alikiinua, akakisogeza karibu na mti, mkono ukasita hewani.

Je, wanangu, achome jina la nani?